Herufi Tatu Kwanza

LUKU imebaki uniti sita.
Mwenge, ghorofani, juu ya duka la vipuri vya majokofu,
nimeketi tangu adhuhuri
naifundisha programu ya kuandikia
inimalizie maneno.

Mimi, Mwinyimvua Kondo,
ambaye tangu darasa la pili kule Tandika
watu wananimalizia maneno.
Siku moja dukani nilisema "m-m-m",
Mangi akanipimia mchele.
Nilitaka mkaa.
Nikauchukua mchele. Ilikuwa nafuu
kuliko kuanza upya.

Basi. Nimepakua kamusi, maneno elfu sitini.
Nimefungua faili la mipangilio, nimeandika:
pendekeza baada ya herufi tatu.
Kimya.
Nikafunga, nikafungua. Kimya.
Kumbe mkato mmoja, mstari wa kumi na tisa,
umesahauliwa kabla ya mabano.
Nusu saa imekwenda kwa alama
ndogo kuliko mguu wa sisimizi.

Kisha kisanduku kikachomoza.
Nikaandika a, n, a:
anaamini, anaanguka, anaanika, anaapa, anaazima,
orodha ndefu kama ya wadaiwa wa mikopo ya chuo.
Herufi tatu za kwetu bado hazijasema jambo.
Zimesema nani, zimesema lini;
tendo lenyewe limekaa tumboni mwa neno,
na anayekimbilia kukamilisha kabla ya kufika huko
atapima mchele.

"Si uiambie itafute katikati?"
Ni Chausiku, tunayegawana meza na feni,
mdomoni muhogo wa kukaanga.
Nikaiambia itafute katikati.
Nikaandika l, i, p. Wakaja wote:
analipa, hatalipa, wamelipana, nimelipishwa,
na nyuma yao kulipuka,
na alipofika, ambaye hakualikwa.
Tukacheka mpaka fundi wa chini akagonga dari.

Saa kumi na moja, kosa jingine.
Andika nita, chagua nitalipa,
bonyeza Tab (Chausiku hukiita kitufe cha tabu),
inatoka: nitanitalipa.
Nikajaribu ujumbe mzima, ule wa chama cha akiba,
wa kwenda kwa wanachama mia nne na kumi na wawili:
Ndugu mwamwanachama, tunatunakukumbusha
dedeni lako la mwezi.

Chausiku akaacha kutafuna.
Aliangalia kioo, hakuniangalia mimi.
"I-i-imenirithi," nikasema,
na hapo ndipo alipojiruhusu kucheka,
machozi yakamtoka, akanifutia na pilipili mezani.

Dawa yake naijua. Haijui neno linaanzia wapi,
kwa hiyo haifuti ulichokwisha kuandika
kabla ya kuliweka neno zima.
Mstari mmoja tu. Nilichelewa kuuandika.
Niliisoma tena ile barua, polepole,
kwa sauti ya ndani, ile isiyokwama popote,
na kwa mara ya kwanza ikakwama,
na sikuona aibu.

Halafu nikarekebisha. Watu wana madeni yao,
hawahitaji na changu.

Lakini chini ya faili kuna kipengele cha kusubiri:
muda gani upite, kidole kikisita,
kabla kisanduku hakijaruka kukusaidia.
Wenyewe waliotengeneza waliweka robo sekunde.
Nikafuta. Nikaweka sekunde tatu.
"Zote hizo? Itakuwa inazubaa."
"A-a-acha," nikasema,
muhogo wake umesimama hewani,
"acha izubae."

Uniti mbili. Nikazima, nikateremka.
Dukani kwa Mangi nilianza, "M-m-m,"
na mkono wake ukaenda kwenye pishi ya mchele
kama kawaida yake.
Nikatikisa kichwa.
Nyuma yangu foleni ilikuwa na watu wanne, na mtoto analia.
Nikabaki palepale,
kwenye m.